Kumpeleka Binti Kidato cha Tano: Mwanza Hadi Songea kwa Basi

Alhamisi, Mwanza

Tranka limefungwa magharibi, kisha mama yake akalifungua tena kuhakikisha fomu ya afya imo na mhuri wa mganga unasomeka. Imo. Zimo pia nakala ya cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, picha ndogo, kadi ya bima, na rimu ya karatasi inayolifanya sanduku lielemee upande mmoja. Binti yetu mkubwa amepangiwa kidato cha tano, tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya PCB, katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Ruvuma. Sisi tunaishi Mwanza. Chukua ramani ya Tanzania, weka kidole kimoja kwenye Ziwa Victoria na kingine karibu na mpaka wa Msumbiji. Hiyo ndiyo safari yetu.

Wazazi wenye watoto wa umri huu wanakijua kipindi kinachotangulia siku hii. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, majina ya waliopangiwa shule hutangazwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, karibu na Juni, na masomo huanza Julai. Katikati hapo mtoto yuko nyumbani, si mwanafunzi wala si mtu mzima. Wetu alijifunza kompyuta, akashika duka mama yake alipougua, akamfundisha mdogo wake sehemu na desimali hadi zikaeleweka. Nilikuwa nikimsikiliza kutoka sebuleni. Alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo nikiwa na miaka kumi na saba, na ndipo nilipoanza kuamini kwamba anaweza kukaa mbali nasi.

Ukoo mzima una maoni. Shangazi yake alipiga simu siku ileile majina yalipotoka: "Kaka, Songea? Kwani Kanda ya Ziwa hakuna shule?" Wajomba wakashauri tuombe uhamisho kabla hata mtoto hajaripoti. Wengine walisema kwa upendo kabisa kwamba msichana asipelekwe mahali ambapo hatuna hata ndugu mmoja. Niliwasikiliza wote, kwa sababu hofu yao ni hofu yangu pia. Lakini binti mwenyewe aliandika chaguo lake kwa mkono wake, na tahasusi aliyoitaka ndiyo aliyopewa. Siku hizi tahasusi ni 65, tangu ziongezwe mwaka 2024, na bado yeye aling'ang'ania fizikia, kemia na baiolojia. Mtoto akijua anachokitaka kiasi hicho, kazi ya mzazi ni kutafuta nauli.

Kuhusu fedha niseme kidogo, maana kuna wazazi wanaoogopa bila sababu. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022. Kinachobaki ni vifaa, michango iliyoandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga, na safari. Kwa sisi tunaotoka mbali, safari ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote, na hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote.

Wadogo zake nao wanarudi shuleni Jumatatu kuanza muhula wa pili, kwa hiyo mama yao anabaki. Wa mwisho, aliye darasa la pili, ameuliza kama na yeye atapelekwa bweni. Nimemwambia hapana. Mwaka 2023 Serikali ilikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka saba anapaswa kulala nyumba moja na watu wanaomjua anavyokohoa.

Ijumaa, Mwanza hadi Dodoma

Stendi ya Nyegezi saa kumi na moja alfajiri imejaa matranka. Bila kumuuliza mtu, unawatambua wanafunzi wa kidato cha tano: viatu vyeusi vipya, nywele zimenyolewa fupi, na mzazi mmoja pembeni anayehesabu mizigo. Mama yake alimwekea mikono begani akaomba dua fupi, kisha akamwambia jambo moja ambalo nililisikia: "Ukiumwa usivumilie, sema siku hiyohiyo." Wadogo walikuwa wamelala. Dada yao alikuwa amewaaga usiku.

Basi liliondoka kukiwa bado giza. Usagara, Misungwi, Shinyanga, Tinde. Hadi Nzega hakusema mengi. Alikuwa dirishani, akiangalia mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa na mawe yanapungua ardhini kadiri tunavyoondoka Usukumani. Nilimwacha. Kuna wazazi wanaotumia safari kutoa mawaidha kuanzia stendi hadi stendi, na mtoto hufika akiwa hakumbuki hata moja.

Baada ya Nzega akauliza mwenyewe. "Baba, hivi kwa nini wanatupeleka mbali hivi?"

Nikamwambia kwamba tuko mkoa wa Tabora, na kwamba mwaka 1937 kijana wa Butiama aliyesoma shule ya msingi Mwisenge pale Musoma aliletwa kusoma sekondari Tabora. Kijana huyo ni Julius Nyerere. Huko alikaa darasa moja na bweni moja na vijana wa makabila mengine. Baada ya uhuru nchi yetu iliendelea kuchanganya wanafunzi wa sekondari, Mhaya akapelekwa kwa Wamakonde na Mchaga kwa Wagogo, na sehemu kubwa ya urafiki, ndoa na Kiswahili cha nchi hii vimetoka kwenye mabweni hayo. Hiyo ndiyo sababu ninayoiamini. Wazee wetu walijuana wakiwa shuleni, kabla hawajajuana ofisini. Sisi tuliosoma shule za kata karibu na nyumbani tulipata unafuu mkubwa, na nashukuru, lakini kitu hicho hatukukipata. Nilifika utu uzima sijawahi kulala kusini mwa Dodoma.

Alikaa kimya, kisha likaja swali nililolitarajia tangu Januari. "Nikishindwa je? Wanasema PCB ya kidato cha tano si kama ya kidato cha nne."

Ni kweli, si sawa. Kidato cha nne unaweza kukariri ukapata alama nzuri. Huku mbele mtihani unauliza kwa nini, si nini. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kumpunguzia. Nikamwambia pia kwamba akipata sifuri kwenye jaribio la kwanza la fizikia, nataka aniambie yeye mwenyewe, na mimi nitamuuliza swali moja tu: umeenda kumwona mwalimu? Sitauliza wa kwanza ni nani. Tulikubaliana. Alinipa mkono, tukapeana kama watu wanaofunga biashara.

Igunga tulinunua maji na karanga. Baada ya hapo barabara inashuka bonde la Wembere, tambarare hadi macho yanachoka. Nilimwonyesha kwamba maji ya bonde lile hayaendi baharini kabisa: yanaingia ziwa Kitangiri, na yakivuka huko yanafika Eyasi, yanaishia hapo. Ya nyumbani kwetu yanapita Nile hadi Mediterania. Akasema hilo alifundishwa kidato cha pili, ila hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuona kwa macho mahali mabonde yanapoachana. Kisha mlima Sekenke, basi likapanda kwa kuguna, na juu kule upepo ukabadilika.

Singida tulisimama kula. Kati ya Ikungi na Manyoni kondakta alitangaza dakika tano za kuchimba dawa, na hapa nina neno kwa wenye mabasi wote: abiria nusu ni wasichana wanaokwenda shule, simamisheni penye vyoo. Binti yangu alikataa kushuka. Alivumilia hadi Manyoni.

Dodoma tulifika jioni, baada ya karibu kilomita 700. Tumelala nyumba ya wageni karibu na stendi ya Nanenane. Amempigia mama yake simu na kumsimulia habari za Sekenke kana kwamba yeye ndiye aliyeupanda kwa miguu.

Jumamosi, Dodoma hadi Njombe

Alfajiri, tukiwa tunapakia, msichana mmoja alikuwa amekaa juu ya tranka lake peke yake. Alinyanyuka akanisalimu, "Shikamoo baba." Binti yangu akaanza kuzungumza naye kabla yangu. Anatoka Kasulu, mkoani Kigoma. Amesafiri kutoka huko bila mtu. Shule yake ni ileile yetu, tahasusi yake CBG: kemia, baiolojia na jiografia.

Mara simu yake ikaita, akasikiliza, kisha akaninyooshea. Upande wa pili alikuwa mama yake.

"Kaka, habari za asubuhi. Mwanangu ameniambia umempeleka binti yako hukohuko."

"Ndiyo, dada. Tunaelekea huko."

"Mimi sikuwa na nauli ya watu wawili, na baba yake alishafariki. Nilimkabidhi kwa kondakta, kondakta akamkabidhi kwa Mungu. Sasa nakukabidhi wewe."

Nikamwambia nimempokea. Akasema, "Umtazame kama wako," nikamwambia kwamba tutakapofika getini atasimama mstari mmoja na wangu. Alinishukuru kwa maneno mengi, na sauti yake ilikuwa imebeba usiku mzima wa kutolala. Kuanzia hapo nilikuwa na mabinti wawili na matranka mawili.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Katika kila basi linaloelekea kusini au magharibi mwezi huu kuna watoto wa miaka kumi na saba wanaosafiri siku mbili, tatu, wakikabidhiwa kwa makondakta. Wengi wanafika salama kwa sababu Watanzania bado wanaitikia mtoto akisema shikamoo. Lakini mtoto asitegemee bahati ya kukutana na mzazi wa mwenzake stendi. Serikali ikishajua kwamba imempanga mtoto wa Kasulu Songea, majina yanaweza kutoka pamoja na mpango wa kusafiri: mahali pa kukutania, mwalimu mmoja wa kusindikiza, tarehe moja kwa kila kanda. Nasema hivi nikiwa nautetea mpango wa kuwachanganya watoto. Ukimpeleka mtoto mbali kwa ajili ya taifa, safari yake nayo iwe ya taifa.

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita kati ya mibuyu hadi Mtera. Basi lilipita juu ya bwawa na wasichana wote wawili wakainuka kuona. Hapa ndipo nilipofurahi kuwa na mwanafunzi wa fizikia. Maji ya Ruaha Mkuu yanaendesha mitambo ya Mtera yenye megawati 80, yanateremka hadi Kidatu yanazalisha tena megawati 204, kisha yanaingia Rufiji na kupita bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Maji yaleyale, kazi tatu. Binti yangu akaanza kueleza nishati ya kimo inavyogeuka kuwa mwendo, na wa Kasulu, ambaye kichwa chake kiko kwenye jiografia, akamkatiza akamwuliza mchanga unaobebwa na mto unaishia wapi bwawa likiwa limeziba njia. Hawakumaliza hadi tulipoanza kupanda milima ya Nyang'oro. Mimi nilikaa nyuma yao nikisikiliza. Kama shule itawapa muda wa kubishana hivi, sina wasiwasi na matokeo.

Iringa tulikula wali maharage kwa mama lishe, tukabadilisha basi. Mafinga tulipita kwenye msitu wa misonobari wa Sao Hill, ambao wote wawili walikuwa wakiusoma vitabuni tu. Makambako ni upepo. Tulikuwa tumeambiwa Njombe ni baridi, lakini mtu wa Mwanza hawezi kuijua baridi ya Julai ya nyanda za juu kwa kuambiwa. Sweta la shule ni jepesi. Tuliposhuka, tulikwenda kwanza kwa wauza mitumba nikawanunulia kila mmoja sweta zito na soksi za sufu. Wa Kasulu alikataa mara ya kwanza kwa adabu. Nikamwambia mama yake amenikabidhi, na mtu aliyekabidhiwa hamrudishi mtoto akiwa na mafua. Akavaa.

Tungeweza kuunganisha hadi Songea usiku huohuo. Sikutaka. Kufika mji mgeni usiku wa manane na wasichana wawili hakuna faida, na Njombe, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina blanketi nzito.

Jumapili, Njombe hadi Songea

Safari ya leo ilikuwa fupi kuliko zote, kama kilomita 240, lakini kona zake ni nyingi. Mashamba ya viazi na chai, barafu nyembamba kwenye majani mabondeni asubuhi, kisha mteremko wa Lukumburu ambapo wa Kasulu alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Baada ya Madaba joto likaanza kurudi na masweta yakavuliwa.

Wanahesabu mikoa tangu Ijumaa: Mwanza, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Iringa, Njombe, Ruvuma. Minane. Wa Kasulu alianzia Kigoma, kwa hiyo alikuwa na haki ya kujisifu.

Songea mchana. Tulikwenda sokoni moja kwa moja, na kwa wazazi wanaotoka mbali hili ndilo ningependa walijue mapema: godoro, ndoo, jembe, fagio na fyekeo visibebwe kutoka nyumbani. Vyote vinauzwa hapa, na wauzaji wana orodha za shule zote vichwani. Ukitaja jina la shule tu, wanakuambia godoro la futi mbili na nusu, shuka za rangi gani, ndoo yenye mfuniko. Tumeona baba mmoja aliyelipia mzigo wa godoro tangu Arusha, likafika limelowa mafuta.

Jioni nimekaa nao nje ya nyumba ya wageni. Nimewaeleza jinsi ya kuandika majina kwenye nguo kwa uzi, si kwa kalamu, maana kalamu inafutika. Wameshona hadi giza.

Jumatatu, shuleni

Tulifika getini saa mbili, na foleni ilikuwa imekwisha kuwa ndefu. Wasichana kutoka Rukwa, Tanga, Mara, Lindi. Mtu anasalimia kwa lafudhi ya Pemba, anajibiwa kwa lafudhi ya Bukoba. Mwalimu wa zamu alikagua karatasi, mwalimu mwingine akakagua matranka juu ya meza ndefu. Simu haziruhusiwi, na aliyekuja nayo alimrudishia mzazi. Wangu hakuwa na simu, ila alikuwa na mafuta ya kupaka chupa tatu alizowekewa na shangazi yake. Mbili zimerudi nami.

Baada ya kuandikishwa niliomba kumwona matroni, na ninawasihi wazazi wenzangu wote wafanye hivyo, hata kama foleni ni ndefu na basi la kurudi linasubiri. Mkuu wa shule utamsikia kwenye hotuba. Matroni ndiye atakayejua mwanao hakula chakula cha usiku. Nilimkuta mama wa makamo, mkavu wa maneno, funguo zimening'inia kiunoni. Nilimuuliza usiku analala nani karibu na mabweni. Akanionyesha chumba chake, mlango unaotazamana na bweni. Nikamuuliza mtoto akizidiwa saa nane za usiku anapelekwaje hospitali. Akanieleza gari, mlinzi, na jina la zahanati. Nikamuuliza maji. Hapo akatulia kidogo, akasema ukweli: Septemba na Oktoba yanasumbua, wasichana huteka kwenye kisima cha shule kwa zamu. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa yale mengine. Nilimwachia hela ya matumizi, akaandika kwenye daftari kiasi na tarehe, binti akasaini, nami nikasaini. Za wa Kasulu nazo zikaandikwa kwenye ukurasa wake.

Mwalimu wa malezi alizungumza na wazazi chini ya mwembe. Alisema mwezi wa kwanza wasichana wengi hulia, na jaribio la kwanza la sayansi huwaangusha hata waliotoka na daraja la kwanza. Akatuomba tusikimbilie uhamisho kwa sababu ya barua ya mwezi wa kwanza. Mzazi mmoja akauliza kwa nini basi shule isiwaite watoto wiki moja mapema wakazoea. Swali zuri, halikupata jibu la kutosheleza. Ningependa liendelee kuulizwa.

Bwenini mzazi wa kiume haingii. Nilisimama nje na tranka, wasichana wa kidato cha sita wakaja wakalichukua, mmoja kila upande, wakiimba jambo nisilolielewa. Vitanda ni dabo deka. Nilisikia kupitia dirishani mabinti wangu wakiomba kitanda kimoja, mmoja juu mmoja chini, na sauti ya dada wa bweni ikisema sawa, lakini mtapanga zamu ya kufagia kwanza. Wa Kasulu akachagua juu. Aliyekuwa akifumba macho Lukumburu!

Walitoka kuniaga wakiwa na sare. Nilikuwa nimejiandaa na maneno kwa siku nyingi, maneno ya wazee, na yote nikayaacha. Nilimwambia mwanangu: "Mama, nimeona unapolala, nimemwona anayekulinda, naijua njia. Ukiniita nakuja." Akasema, "Najua, baba." Hakulia. Mimi nilisubiri hadi nilipopita geti. Wa Kasulu akaniamkia tena, shikamoo ya pili siku ileile, akasema nimsalimie mama nyumbani, mama ambaye hajawahi kumwona.

Mzazi mwenye haraka atasema kwamba mtoto wa kidato cha tano ni mkubwa, mpe nauli aende. Mimi sasa nina picha kamili kichwani. Akisema kwenye simu ya matroni kwamba kisimani kuna foleni, nitajua ni kisima kipi na kiko umbali gani na bweni. Akisema anaogopa, nitajua dirisha lake linatazama wapi. Hayo hayapatikani kwa kutuma fedha.

Jumanne, Songea

Basi la kurudi ni kesho, kwa hiyo nimeutembea mji atakaoishi mwanangu miaka miwili. Nimekwenda Makumbusho ya Majimaji. Hapo wamezikwa wapiganaji zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani 27 Februari 1906, na mji wenyewe unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambaye naye walimuua. Nimesoma habari za Majimaji, vita ya kuwapinga Wajerumani, tangu darasa la tano. Mganga Kinjekitile, maji yake ya kuzuia risasi, 1905 hadi 1907. Nilijibu mtihani nikapata. Lakini kusimama pale, kuona majina ya watu na umri wa miti, ni somo lingine. Vita ile iliunganisha makabila ambayo hayakuwa na lugha moja wala mfalme mmoja. Nimefurahi kwamba shule ya mwanangu iko hatua chache kutoka mahali hapa, na nimemwomba mwalimu wa malezi kwa simu wawapeleke hata wa sayansi, wasiende wa historia peke yao.

Mama yake amepiga. Wadogo wamefungua salama. Wa darasa la pili ameanza muhula kwa kusoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, na amedai dada yake aambiwe leo hii, si kesho. Nimepiga kwa matroni. Ameahidi kufikisha ujumbe chakula cha jioni.

Mama wa Kasulu naye nimempigia. Nimemweleza kitanda, godoro, daftari la hela, jina la matroni na namba yake. Aliniomba nirudie namba, akaiandika ukutani kwa mkaa, maana kalamu ilikuwa imepotea ndani ya nyumba. Tumekubaliana kwamba likizo ya Desemba atakayekuwa na nauli ndiye atakayewafuata wote wawili.

Alhamisi, Dodoma

Narudi. Stendi ya Nanenane nimekaa karibu na baba mmoja anayetoka Simiyu na mwanawe wa kiume. Wanakwenda Songea, wamechelewa kuripoti kwa sababu ya msiba. Kijana ana godoro jipya lililoviringishwa kwa kamba. Nimemwambia baba yake ajaribu kuliuza hapahapa na anunue lingine kule, anunue sweta Makambako, alale Njombe, na akifika asiondoke bila kuongea na patroni. Ametoa karatasi akaandika. Kijana akaniuliza barabara ikoje baada ya Njombe, nikamwambia kuna kona, akae upande wa kushoto aone bonde.